Dole Gumba Lililomfuta Mzee Kazi

Miaka mitatu iliyopita nilimfuta mtu kazi kwa dole gumba. Sikukusudia, lakini nilifanya.

Tulikuwa wawili, mimi kwenye gitaa na Mzee kwenye besi, tukipiga kila Ijumaa jioni kwenye lobi ya hoteli moja hapa Nairobi. Wateja wanakunywa kahawa ya bei ya ajabu, sisi tuko kwenye kona kando ya maua ya plastiki, tunapiga jazi ya kutosumbua mtu. Ijumaa moja Mzee akakwama kwenye jam ya Mombasa Road. Mvua imenyesha, magari hayasongi. Nikaanza bila yeye. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya mwaka mzima chumbani kwangu, kwa hivyo nilijaribu: melodi juu, kodi katikati, besi chini, vyote kwenye gitaa moja. Mzee alipofika, viatu vimeloa, nilikuwa nimeshapiga dakika arobaini na hakuna mteja aliyegundua kuna kitu kinakosekana. Meneja aligundua. Alinivuta kando akaniuliza kwa upole kabisa, "Hiyo kitu umepiga ukiwa solo, unaweza piga hivyo usiku mzima?" Nikasema ndiyo. Kusema ukweli, nilisema kwa fahari. Mwezi uliofuata bajeti ikawa ya mtu mmoja.

Tangu wakati huo kuna swali linanifuata kama deni. Huu ufundi wa kupiga gitaa ukiwa bendi nzima ni sanaa, ama ni njia maridadi ya kupunguza wafanyakazi? Njia pekee ninayoijua ya kulijibu ni kurudi kwenye muziki wenyewe na kuusikiliza upya, kama mtu anayesoma mkataba baada ya kusaini.

Kabla hatujaenda mbali: nikisema kodi simaanishi ya landlord wala ya serikali. Namaanisha noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zile unazoshika kwa mkono wa kushoto ukianza kujifunza gitaa na vidole vinauma wiki mbili. Ingawa, mkinivumilia, mtaona kodi hizi zote zinajuana.

*

Kila anayejifunza ufundi huu, awe Kayole au Chicago, mwishowe hupelekwa kwa albamu moja: Virtuoso ya Joe Pass, iliyorekodiwa 1973. Pass alizaliwa 1929 huko New Jersey, akakulia Johnstown, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma, na babake alikuwa mfanyakazi wa viwanda hivyo. Alianza gitaa akiwa mtoto wa miaka tisa. Halafu miaka yake ya ishirini ikaliwa karibu yote na dawa za kulevya. Aliyemtoa huko ni kituo cha kurekebisha waraibu kilichoitwa Synanon, California, na albamu iliyomtambulisha kwa watu, Sounds of Synanon ya 1962, aliipiga pamoja na wenzake wa humo humo ndani. Miaka kumi na moja baadaye, akiwa na umri wa miaka 44, Norman Granz wa lebo ya Pablo akamweka studio peke yake. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna piano. Mtu na gitaa na nyimbo ambazo kila mpiga jazi wa Marekani anazijua: "Night and Day", "'Round Midnight", "Cherokee", "All the Things You Are".

Sifa inayorudiwa kuhusu albamu hii ni kwamba unasikia watu watatu. Mimi mwenyewe nimeirudia kwa watu wengi, kawaida nikiwa na bia mkononi. Halafu mwaka jana nikaketi nayo na kalamu, nikaanza kuhesabu ni mara ngapi melodi, kodi kamili na besi inayotembea zinapigwa pamoja, kwa wakati mmoja, kwa muda mrefu.

Ni nadra sana.

Anachofanya Pass ni hiki. Anapiga kipande cha melodi, kisha kodi inajibu. Besi inatembea kidogo, halafu inatoweka na mahali pake panachukuliwa na mstari mmoja wa noti za kasi unaoporomoka kutoka juu mpaka chini. Ukifika chini, ghafla besi ipo tena, kana kwamba haikwenda popote. Na sikio lako linaapa kwamba ilikuwa ikitembea muda wote. Ni kama makanga. Akishagonga bodi ya matatu mara mbili, huhitaji kumwona ili ujue gari linaondoka na yuko mlangoni.

Kwa hivyo huyo mtu wa watatu unayemsikia ni wewe. Pass anakupa besi ya kutosha uiamini, halafu anakuachia kazi ya kuiendeleza kichwani. Ukishaligundua hilo, albamu inabadilika. Inaacha kuwa maonyesho ya mtu mwenye vidole vingi, inakuwa somo la nini cha kuacha.

*

Mwenye kutaka kujua kwa nini kuacha ni lazima aangalie mkono. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Mkono wa kushoto una vidole vinne vya kubonyeza, kwa sababu dole gumba limejificha nyuma ya shingo ya gitaa. Melodi inataka kukaa kwenye nyuzi nyembamba, ya kwanza na ya pili, ili isikike juu ya vyote. Besi inataka nyuzi nene, ya tano na ya sita. Katikati zinabaki mbili, ya tatu na ya nne, za kubeba rangi ya kodi. Na noti ya gitaa huishi tu mradi kidole hakijaondoka. Ukihamisha mkono ili kuifuata besi, melodi inakatika katikati ya neno, kama simu ikiingia kwenye lifti.

Waliokulia kwenye kwaya wataelewa haraka. Soprano, alto, tena, besi. Mwalimu wa kwaya akikosa watu, anajua nani wa kuondoa. Hawezi kuondoa soprano, maana wimbo utapotea. Hawezi kuondoa wazee wa besi, maana nyumba itakosa msingi. Anabana katikati. Gitaa ni hivyo hivyo. Kodi ya jazi yenye noti nne, ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, inaweza kupoteza ya tano na hakuna atakayelia. Ya kwanza imeshashikwa na besi. Zinabaki ya tatu na ya saba, na hizo mbili zinatosha kumwambia msikilizaji kama kodi inacheka, inahuzunika, au inataka kwenda mahali. Noti mbili tu. Anayeshika kodi ya noti sita kila mara hana utajiri wowote. Amejaza sebule viti mpaka hakuna pa kupita.

Sasa tuchukue wimbo ambao kila hoteli nchini itakuomba utake usitake, "Malaika". Kwa umbo lake rahisi kabisa unahitaji kodi tatu: ya do, ya fa na ya sol. Ukiupiga ukiwa na A kama do, gitaa linakupa zawadi: besi za kodi zote tatu ni nyuzi wazi. A ni uzi wa tano, D ni wa nne, E ni wa sita. Huhitaji kidole chochote kuzipata, kwa hivyo mkono wa kushoto uko huru kuimba. Kuchagua funguo ni nusu ya upangaji, na watu wengi huiruka hiyo nusu kwa sababu haionekani kwenye video.

Anayeanza atapiga do, sol, do, sol kwa dole gumba, kama saa ya ukutani. Si vibaya. Lakini hiyo bado ni miguu ya meza. Besi inayotembea inataka kufika mahali. Unapotoka kodi ya do kwenda ya fa, una mapigo manne ya njia. Jaribu do, mi, sol, halafu ile noti nyeusi iliyo nusu hatua juu ya fa, na pigo linalofuata utue kwenye fa yenyewe. Hiyo noti ya nne haiko kwenye kodi yoyote ya wimbo huu. Ukiisimamisha peke yake inasikika kama kosa. Lakini kwa kuwa inaelekea fa, sikio linaisamehe na hata kuifurahia, jinsi unavyomsamehe mtu anayekusukuma kidogo kwenye stage kwa sababu umeona gari lake ndilo linaondoka. Noti mbili zile za katikati, ya tatu na ya saba, usizipige pamoja na dole gumba. Ziweke kwenye "na" ya kuhesabu: moja-na, mbili-na. Dole gumba linatembea, vidole vinachomoza katikati ya hatua. Hapo ndipo mtu wa meza ya pili anainua macho kwenye simu kuangalia besi iko wapi.

*

Kama somo lote lingekuwa hilo, ningeishia hapa na kuwatakia mazoezi mema. Shida yangu ni video.

Ukifungua simu sasa hivi utapata vijana, wengine wa hapa hapa, wanaopiga gitaa kwa namna ambayo Pass mwenyewe angehitaji kukaa chini. Melodi, kodi, besi, na ngoma juu yake, kiganja kikigonga mbao. Sekunde sitini, hakuna hata robo sekunde tupu. Nawaheshimu, najua saa walizoweka. Lakini nikisikiliza bila kuangalia, nikiigeuza simu kioo chini, mara nyingi nasikia kitu cha ajabu: hakuna besi. Noti za chini zipo, zinaingia kwa wakati, ila hazielekei popote. Hakuna mtu ndani yake. Ni melodi iliyowekewa uzito miguuni isipeperuke.

Kipimo changu ni rahisi na unaweza kukitumia leo. Pangilia wimbo wako, halafu upige besi peke yake, bila melodi, bila kodi. Uiimbe pia, kwa mdomo, kama mzee wa kwaya. Je, mtu asiyeujua wimbo angetaka kuisikiliza mpaka mwisho? Na je, kuna mahali inanyamaza kwa hiari yake, si kwa sababu kidole hakikufika? Kama majibu ni hapana, una noti za chini tu.

Ukipima wakubwa kwa kipimo hicho, unaona kila mmoja amelijibu swali kivyake. George Van Eps, aliyezaliwa 1913, aliona nyuzi sita hazitoshi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa na gitaa la nyuzi saba, uzi wa ziada ukiwa A ya chini. Gitaa lake aliliita piano ya mapajani, na ndivyo lilivyosikika: sauti kadhaa zinazosonga kwa utaratibu, kila moja na njia yake. Lenny Breau, aliyekulia kwenye familia ya wanamuziki wa kantri, alichukua dole gumba la Chet Atkins na kulipeleka kwa kodi za Bill Evans, mpiga piano. Charlie Hunter akalichukua neno lenyewe bila mafumbo: gitaa la nyuzi nane, tatu za besi na tano za gitaa, kila kundi likienda kwenye spika yake. Wale mnaopenda Voodoo ya D'Angelo, ya mwaka 2000, rudini mkasikilize "The Root". Ile besi na lile gitaa ni mtu mmoja.

Kati ya wote hawa, Hunter ndiye anayenitatiza zaidi, kwa sababu yeye kweli ni watu wawili. Besi yake inapita kipimo changu bila jasho. Lakini tazama anavyofanya kazi: mara nyingi sana ana mpiga ngoma karibu. Amekuwa besi na gitaa, na bado akaacha mlango wazi kwa mtu mwingine kuingia.

*

Wazo la mlango wazi lilinirudisha magharibi mwa Kenya, kwa sababu dole gumba la besi halikuja kwetu na YouTube.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi leo. "Masanga", wimbo wa gitaa moja, ulisambaa Afrika nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na vijana wa hapa walikuwa wameshaanza kumsoma vidole: dole gumba chini, kidole cha shahada juu, viwili tu, na kati yao mazungumzo yasiyokatika. Kwa Waluhya George Mukabi, aliyefariki 1963 akiwa bado kijana, aliuchukua mtindo wa namna hiyo na kuufanya omutibo. Dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba. Kwa maana ya fundi, ni tatizo lile lile la Pass: mtu mmoja, sauti mbili au tatu, vidole havitoshi.

Sitaki kudanganya hapa. Omutibo si jazi. Kodi zake ni chache, na besi yake haitembei ovyo kutafuta noti nyeusi. Inazunguka na kurudi nyumbani kila mara. Mtu akikuambia Mukabi alikuwa Joe Pass wetu, anawakosea wote wawili heshima. Nataka kuonyesha jambo moja tu. Sikiliza rekodi za omutibo, au za Abana ba Nasery wa Bunyore waliouendeleza, na utasikia chupa ya Fanta. Ile ya zamani yenye mistari ubavuni, inayokwaruzwa na kugongwa. Gitaa linaweza kujitegemea kabisa, besi ipo, melodi ipo, na bado kuna msee ameketi kando na chupa. Hakuna aliyemwambia gitaa limeshamaliza kazi yote, aende nyumbani.

Kwenye lobi yangu hakukuwa na kiti cha mtu wa chupa. Ufundi ulikuwa ule ule, tofauti ilikuwa kwenye nani anashika bajeti na anautumia kwa nini. Nilipoona hivyo nilipumua kidogo, kisha nikaona nisijisamehe haraka. Bajeti haikujipunguza peke yake. Kuna mtu alisema ndiyo kwa fahari.

*

Turudi kwa Virtuoso, maana sijamaliza kuisema. Ni albamu kubwa lakini si takatifu. Kwenye zile nyimbo za kasi, "How High the Moon" kwa mfano, kuna wakati mstari wa noti moja moja unakimbia kwa sababu unaweza kukimbia, na ninajikuta nahesabu vidole badala ya kusikiliza. Mwendo pia unanyooka na kujikunja, kwa vile hakuna mtu wa kumwambia Pass aharakishe au atulie. Mpiga pekee ana hatari hiyo: hakuna anayemngoja, kwa hivyo anasahau kwamba kuna wa kungojwa.

Ndiyo maana, ukiniuliza nianzie wapi mtu asiyejua jazi, sitampa Virtuoso. Nitampa Take Love Easy, aliyoirekodi Pass mwaka huo huo wa 1973 na Ella Fitzgerald. Sauti na gitaa tu. Hapa melodi si kazi yake tena, Ella ameichukua. Pass anabaki na kodi na besi, na ghafla kila alichojua kukiacha kinapata sababu. Anangoja pumzi ya mwimbaji. Anampa noti moja ya chini, anamwachia sentensi nzima, halafu anajibu kwa kodi ndogo kama mtu anayesema "mhm" kwenye mazungumzo mazuri. Walifanya albamu nne za namna hii, ya mwisho ikitoka miaka ya 1980. Kwangu mimi ndiko ufundi wake wa kupiga peke yake unakoonekana vizuri zaidi, akiwa si peke yake.

Na kabla ya kuingia studio peke yake, Pass alikuwa ameishi na wapiga besi. For Django ya 1964 ina gitaa la pili, besi na ngoma. Mwaka ule ule wa Virtuoso alikuwa akipiga na Oscar Peterson na Niels-Henning Ørsted Pedersen, mpiga besi kutoka Denmaki mwenye vidole vya kutisha. Maelfu ya usiku kwenye klabu, mtu wa besi akiwa mita mbili kutoka kwake. Kwa hivyo besi unayosikia Virtuoso haikubuniwa na dole gumba. Ni kumbukumbu ya watu. Pass angeweza kukufanya uwasikie wasiokuwepo kwa sababu waliwahi kuwepo, na alikuwa amewasikiliza.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo, na linawahusu vijana wa video kuliko linavyonihusu mimi. Ni sanaa pale tu besi yako inapokuwa ya mtu unayemjua. Kampani hauwezi kuiigiza kama hujawahi kuwa nayo. Unaweza kuchukua mpangilio kutoka mtandaoni, freti kwa freti, na kila noti ikakaa mahali pake. Lakini kujua ni wapi mpiga besi angekaa kimya ukiwa umeshatarajia apige, hicho hakiandikwi. Unakipata ukiwa umekaa karibu na mtu, mnapiga wimbo ule ule kwa mara ya mia mbili, mmoja wenu amechoka, mwingine ana njaa, na wimbo lazima ufike.

*

Desemba iliyopita Mzee alikuja hotelini. Nilimkaribisha mimi, chai nilimnunulia, maana kwa bei ile hakuna angeinunua. Alikaa meza ya karibu na maua ya plastiki, sweta yake ya kanisa, mikono imekunjwa. Nilipiga seti nzima. Nilipiga "Malaika" na ile noti nyeusi kabla ya fa, na nilimwona anatabasamu kidogo, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha, miaka mingi kabla, akiicheza bila kuieleza. Nilipiga blues. Nilipiga kila kitu nilichokuwa nacho.

Nilipomaliza nikaenda kukaa naye. Aliinywa chai mpaka mwisho kwanza.

"Umekuwa mzuri, kijana," akasema. "Lakini besi yako inaongea sana."

"Wapi, Mzee?"

Akaimba wimbo kwa sauti ya chini, akifika sehemu ya katikati akanyamaza mapigo manane, kidole chake tu kikihesabu mezani, halafu akaingia tena. "Hapo. Mimi hapo singepiga kitu."

Wiki hiyo nilibadilisha mpangilio. Niliondoa besi kwa mapigo manane, na wimbo ukawa mzito zaidi kuliko ulivyokuwa na besi. Niliporudi kwa meneja kuomba mtu wa pili, aliniambia bajeti ni ile ile. Kwa hivyo tumefanya hesabu yetu. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi Mzee anakuja na besi yake, na malipo yangu tunayagawa katikati. Siyo haki, nusu ya pesa ya mtu mmoja kwa kazi ambayo zamani ilikuwa yake kamili. Ananiambia nisijali, ati anakuja kwa sababu ya chai. Simwamini, na ndiyo maana bado natafuta kazi ya watu wawili.

Usiku wa kwanza tuliporudi pamoja, dole gumba langu halikukubali kustaafu. Miaka mitatu ya mazoea. Tulikuwa tumeingia ubeti wa pili, Mzee anatembea vizuri, na mimi chini yake natembea pia, noti zetu zinagongana kama watu wawili wanaopita mlango mmoja. Hakuacha kupiga. Alinisogelea tu, kichwa kimeinama upande wangu, na kwa ile sauti anayotumia kumwonya mtoto kanisani akaniambia:

"Kijana, hapo pana mtu."